Kuchanika vibaya wakati wa kujifungua: tupeane uzoefu, hasa mliofika daraja la tatu na la nne

MamaKijacho
Wapendwa, jana nimemwona mdada anaingia leba mara ya kwanza, anacheka na kupiga picha, nikajikuta namwombea kimoyomoyo. Mimi nilichanika mpaka kwenye msuli wa njia ya haja kubwa, nikaambiwa ni daraja la tatu. Sasa nina mimba nyingine na usingizi umeniruka. Mliopita huku njooni mseme ukweli. Nini kiliwaponya, na mliozaa tena ilikuwaje? Wa "pole mama, Mungu ni mwema" asanteni mapema, leo nataka maelezo.

Tulizana
Pole mama, Mungu ni mwema 😂
Natania shoga. Mimi ilikuwa daraja la pili, nyuzi chache, kidonda kilifunga vizuri. Kilichonitoa jasho ni haja kubwa ya kwanza. Niliiogopa kuliko leba yenyewe.

BintiMkaidi
@Tulizana umenikumbusha mbali! Umeshika ukuta, unakumbuka dhambi zako zote za tangu utotoni.

Shangazi_Mtu
Nyie chekeni, wenzenu tulilia. Dawa ya kulainisha choo ukipewa usiiache eti kwa sababu leo umepata choo. Kunywa maji. Ukikaa chooni weka miguu juu ya kigoda ili magoti yapande, shika pedi safi mbele hapo kwenye mshono uuegemeze kidogo, usikamue. Na kwa mkojo, chupa ya maji yenye kifuniko kilichotobolewa, unajimwagia taratibu huku unakojoa. Bila hivyo ule mwasho utakutoa roho.

JikoniSalama
Kalia beseni la maji ya moto na chumvi nyingi. Ya moto kwelikweli. Mimi nilipona upesi.

MkungaMstaafu
Ya uvuguvugu mama, siyo ya kukuunguza. Hapo pana nyama mbichi. Chumvi si lazima, na dawa za kuua vijidudu usitie kabisa. Siku za mwanzo barafu iliyofungwa kwenye kitambaa inasaidia uvimbe zaidi ya moto.

JikoniSalama
Sawa daktari, ila mimi nilipona.

Kimya_Kimya
Nimekuwa nasoma tu, ila hapo kwenye haja kubwa nimeshindwa kupita.

Ilikuwa uzazi wa kwanza. Mtoto alikaa uso juu, kichwa hakishuki, nikasukuma mpaka nikawa sioni vizuri. Kila mtu chumbani anapiga kelele "sukuma, sukuma, unamchosha mtoto!" Mwishowe wakamvuta kwa kifaa cha kunyonya kichwa. Kilipotoka nilisikia kama kitambaa kinachanwa, na nikajua ni mimi. Aliyenishona alikuwa na haraka, taa anashikiwa na mwenzake, na huko nyuma hakuna aliyepima kwa kidole. Nikaambiwa "kamchaniko kadogo", nikaruhusiwa.

Nyumbani nikaanza kusikia upepo unatokea mbele. Nikajiambia ndiyo uzazi, kila mtu anapitia. Halafu asubuhi moja nafungua pedi nakuta kinyesi, na hakikutokea nyuma. Jamani. Nilikaa chini bafuni nikaitazama ile pedi muda mrefu. Sikumwambia mama, sikumwambia mume. Nikawa naamka kabla ya watu nafua, naoga, najipaka manukato, mgeni akija kumwona mtoto nasema nimelala. Kukaa nakalia tako moja.

Nilipompeleka mtoto kliniki, nesi mmoja mtu mzima akaniuliza, "Mbona unakaa upande?" Nikaangua kilio mbele za watu. Akanivuta pembeni, akanipima. Lilikuwa daraja la nne, mchaniko umefika mpaka utando wa ndani wa njia ya haja kubwa, na walioshona walifunga juu tu, chini pakabaki tundu. Fistula. Ikabidi kungoja miezi uvimbe na uchafu viishe ndipo nikafanyiwa upasuaji. Sasa nimefunga, sivuji. Ila mpaka leo choo kikibisha hodi sina subira, natafuta mlango.

Hospitali siitaji, msiniulize.

Tulizana
Nimefuta utani wangu wote moyoni. Pole sana dada.

BintiMkaidi
Mume alipojua alisemaje?

Kimya_Kimya
Alifua.

Shangazi_Mtu
Huyo mpe salamu zangu 😭

HakiYangu
Mimi ningewashtaki. Mnanyamaza sana ndiyo maana wanawafanyia hivi.

Kimya_Kimya
Nilikuwa nashindwa kutoka nje ya mlango, dada yangu, hiyo mahakama ningeiendea na nini?

HakiYangu
Sijakulaumu wewe.

BintiMkaidi
Umemlaumu. Soma ulichoandika.

MkungaMstaafu
Acheni. Nisikilizeni wenye mimba. La kwanza ni ngozi tu. La pili ni misuli ya msamba, hapo kati ya uke na njia ya haja kubwa. La tatu limegusa msuli unaobana haja kubwa. La nne limeupita msuli mpaka utando wa ndani. Huwezi kuyatofautisha kwa kuangalia juu juu, ndiyo maana kidole kinaingia njia ya haja kubwa kabla ya kushona na baada ya kushona. Ni dakika moja, haina raha, lakini ikirukwa ndiyo yanatokea ya @Kimya_Kimya. La tatu na la nne hushonwa thieta, penye mwanga na ganzi ya kutosha, na mtu aliyefundishwa. Kisha antibiotiki na dawa ya choo. Ukiona upepo au choo kinatokea mbele, usaha, harufu mbaya, homa, au nyuzi zimeachia, rudi siku hiyohiyo.

BintiMkaidi
Na kusinga msamba kwa mafuta? Mimi nilisinga kwa bidii na bado nikachanika. Kazi bure.

MkungaMstaafu
Si bure. Ukianza wiki ya 34 au 35, hasa kwa uzazi wa kwanza, kunapunguza uwezekano wa kushonwa. Hakuzuii kila kitu. Kwa michaniko mikubwa kinachosaidia ni kitambaa safi cha maji ya uvuguvugu msambani wakati wa kusukuma, na kichwa kutoka polepole. Kikianza kubaki mlangoni, acha kusukuma, hema hehehe kama umekimbia, mkunga akiegemeza msamba kwa mkono. Kulala ubavu au kupiga magoti kunampa nafasi ya kukizuia kisichomoke kwa pupa.

Tulizana
Si bora wakuongeze njia tu kwa mkasi mapema?

MkungaMstaafu
Hapana. Shirika la Afya Duniani lilisema 2018 isifanywe kwa kila mzazi kama desturi. Ina mahali pake, mfano anayevutwa kwa vifaa, na hapo mkasi uende pembeni, kama digrii 60, usielekee chini moja kwa moja kwenye njia ya haja kubwa.

BabaWawili
Samahani kina mama, nauliza kwa heshima. Mke wangu alishonwa, je tendo ni baada ya muda gani? Na kuna rafiki aliniambia niombe waongeze uzi mmoja, eti...

Shangazi_Mtu
Eti nini? Malizia.

HakiYangu
Waongeze mdomoni kwako.

MkungaMstaafu
Mwacheni, angalau kauliza. Baba, uzi wa ziada ni maumivu ya ziada, hakuna daktari mwenye akili atakayekubali. Tendo ni kidonda kikishapona, damu imekatika, na yeye mwenyewe ametaka. Kwa mchaniko mkubwa ni miezi. Kalenda anayo yeye.

BabaWawili
Nimeelewa. Asanteni.

ZaidiYaMara
@MamaKijacho mimi nilikuwa la tatu kama wewe. Nilikwenda fiziotherapia, nikafundishwa kukaza misuli ya nyonga. Kaza kama unazuia upepo kwenye lifti yenye watu, achia, rudia. Usifanye wakati unakojoa. Uzazi wa pili nilizaa kawaida, nikapata kamchaniko ka ngozi tu.

Kimya_Kimya
Mimi wa pili nilichagua kuzaa kwa upasuaji na sijutii.

MkungaMstaafu
Wote mko sahihi. Kama huvuji na msuli ukipimwa una nguvu, wengi huzaa kawaida salama. Kama bado unavuja upepo au choo, upasuaji uzungumzwe mapema.

MamaKijacho
Sivuji. Sasa nikiwaambia nataka kulala ubavu watanikubalia?

MkungaMstaafu
Waambie kliniki, siyo ukiwa unapiga mayowe. Na hakikisha "daraja la tatu" limeandikwa kwenye kadi, anayepokea zamu usiku alione.

Tulizana
Na ule mto wa duara wenye tundu, unakaliwa au haukaliwi? Kila mtu ananiambia lake.

JikoniSalama
Haukaliwi, unaning'iniza kidonda. Kalia beseni.