Nyuklia au sola na betri? Huku Nyanda za Juu Kusini tupime maji kwanza

Wakuu, hoja ya wapenda nyuklia ni kwamba urani kidogo inatoa umeme mwingi, wakati sola inakula ardhi na betri zinakula madini. Ni kweli. Mtambo wa megawati 1,000 unatumia takriban tani 200 za urani kwa mwaka. Kupata umeme huohuo kwa jua unahitaji kama megawati 4,500 za paneli, zitandazwe kwenye maelfu ya hekta.

Ila hizo tani 200 zimeshachujwa. Mwamba wa mradi wa urani wa Mto Mkuju, kule Namtumbo, una chini ya nusu kilo ya urani kwa tani, kwa hiyo unasaga zaidi ya tani 400,000. Na ili mgodi ule upate nafasi, mwaka 2012 UNESCO ilikubali mpaka wa Pori la Akiba la Selous usogezwe.

Kinachoniuma zaidi ni maji. Mtambo wa nyuklia wa ukubwa huo wenye minara ya kupoozea hupoteza lita 2 hivi za mvuke kwa kila uniti: karibu lita milioni 50 kwa siku. Utayatoa wapi? Ruaha Mkuu kiangazi unakatika kabisa, viboko wanabanana kwenye madimbwi ya tope, na huku juu wakulima wa mpunga Mbarali wanagombea mfereji mmoja.

Betri kubwa tunayo tayari: bwawa la Mtera. Lenyewe linazalisha megawati 80 tu, lakini ndilo linalokitunzia maji kituo cha umeme cha Kidatu, chini yake mtoni, chenye megawati 204. Mchana tutumie jua, maji yabaki bwawani hadi jioni watu wanapowasha taa. Lithiamu ya betri itakayohitajika itakuwa kidogo mno.

Mchangiaji, Makambako: Mkuu, ukame wa 2006 Mtera ilishuka, mgao ukatupiga nchi nzima. Bwawa likikauka utawasha nini? Nyuklia iwekwe Ziwa Nyasa, maji yamejaa.

Mleta mada: Ndugu yangu, swali zito. Lakini mwaka wa ukame ndio mwaka wa jua kali. 2006 hatukuwa na sola ya kuipumzisha Mtera, maji yaleyale yalitumika mchana na usiku. Na Nyasa imekaa ndani ya Bonde la Ufa. Desemba 2009 matetemeko yalibomoa nyumba Karonga, ng'ambo tu ya Kyela. Nionyeshe ufukwe ambao ungekubali kujenga mtambo, tuujadili.