Kukosha gari ndani: mwenyewe au kwa mafundi?

Mtu_wa_Fuoni
Assalaam alaykum wanajamvi. Nataka kukosha gari yangu ndani, kukosha hasa, si kule kupangusa dashibodi na kutia pafyumu. Nimeuliza pahala Kiembesamaki, hapa Unguja, wanataka elfu tisini na gari ilale kwao. Kuna kijana mwengine anakuja mpaka nyumbani na mashine yake, yeye elfu arubaini na tano. Mie kwa hesabu zangu sabuni, brashi na vitambaa havifiki elfu kumi na tano, na Jumapili sina kazi. Waliokwisha kufanya waniambie, kuna tofauti kweli au tunalipia maneno? Naitaka tayari kabla ya Ijumaa.

Escudo_Nyeupe
Gari gani? Viti vya kitambaa au leza? Uchafu wa nini? Umekuwa kama mgonjwa kaingia kwa daktari, kasema "naumwa", kanyamaza.

Binti_Mchambawima
Waalaykum salaam. Mwaka wa nne huu sijampa mtu gari yangu ndani, na IST yangu ukipanda utadhani imeshuka melini jana. Watu wanakosea hapa: wanamwaga maji. Kiti hakikoshwi kwa maji, kinakoshwa kwa povu. Sabuni ya maji kifuniko kimoja kwenye lita moja ya maji ya uvuguvugu, unapiga mpaka povu lisimame, unachota povu lenyewe kwa brashi laini, unasugua kipande cha ukubwa wa sahani, halafu hapo hapo unafuta na taulo jeupe lililokamuliwa. Jeupe, ili uone kinachotoka. Taulo likishakuwa rangi ya chai unageuza upande. Kiti kimoja kinanila nusu saa na taulo tatu.

Naanza saa tatu asubuhi, milango yote wazi, alasiri gari kavu. Hiyo elfu tisini kaka yangu nunua pweza.

Fundi_Jang'ombe
Nasema mapema kwamba kazi yangu ndiyo hii, asije mtu akanisuta. Dada hapo juu anafanya vizuri kuliko wengi ninaowaona, lakini taulo linachukua cha juu tu. Jasho, chai na maziwa ya mtoto vyote vinashuka kwenye sponji ya ndani. Mashine yetu inapiga maji na sabuni kwa nguvu na wakati huo huo inayavuta kurudi kwenye tangi. Ukiona yale maji ya tangini hutokaa tena kwenye kiti chako kwa amani. Gharama ni ya muda. Gari ya watu saba ni kazi ya kutwa kwa watu wawili.

Mtu_wa_Fuoni
Samahanini, nilikuwa msikitini. Gari ni Noah, viti vya kitambaa cha kijivu. Uchafu wa kawaida tu wa watoto, na kaharufu kidogo.

Escudo_Nyeupe
Kaharufu ka nini?

Dereva_Paje
Mie nabeba wageni, kwa hivyo gari yangu inakula mchanga na mafuta ya kupaka ya jua kila siku. Kwa mchanga, usitie hata tone la maji kabla hujaumaliza. Brashi kavu kwanza, sukuma kiti mbele, kisha nyuma, toa uliojificha kwenye reli za kiti, ndiyo ulete mashine ya kufyonza. Ukiurowesha umeshaupandisha daraja kuwa udongo.

La pili, sisi wa pwani visima vyetu vingi vina chumvi. Usikoshee kiti maji hayo. Yakikauka yanaacha miduara myeupe, na chumvi inavuta unyevu, kwa hivyo kiti chako kila siku za mvua kitakuwa kama kimekojolewa. Mie nachukua maji ya mvua, au ya bomba kutoka mjini. Kila wiki nafanya mwenyewe, mara mbili kwa mwaka nampa fundi. Sioni kwa nini lazima mtu achague moja.

Karafuu_Mbichi
Nipo Wete, Pemba. Nawasikia tu na mashine zenu.

Mwaka juzi, masika, nilipeleka Carina yangu Chake kwa vijana fulani, siwataji. Nikawaambia: kosheni ndani, naenda sokoni narudi. Narudi nakuta mpira wa bomba umeingizwa mlangoni, maji yanapigwa chini ya viti kama wanamwagilia mchicha. Nikapiga kelele. Yule mkubwa wao akacheka, akasema "mzee, yote yanatoka, tushatoa vizibo vya chini". Wakafuta, wakanipulizia kitu kinanuka ndizi, nikalipa, nikaondoka zangu. Juu pakavu kabisa. Sikukaa kufikiri.

Usiku ule mvua ikaanza, ikapiga siku tatu. Gari vioo juu, imefungwa uwanjani. Siku ya nne nafungua mlango, nikarudi nyuma hatua mbili. Mikanda ya viti imeota ukungu mweupe, manyoya manyoya kama mkate uliosahauliwa kwenye mfuko. Usukani nao una madoa. Nikakandamiza zulia upande wa abiria kwa ngumi, maji yakapanda katikati ya vidole. Chini ya lile zulia kumbe kuna pamba nzito, imekunywa ikashiba, na vizibo walivyotoa ni vya upande mmoja tu.

Nikang'oa viti vyote mwenyewe na jirani yangu. Zulia tukalianika juu ya banda la mbuzi wiki nzima, likipata jua saa mbili linarowa saa tatu. Swichi ya vioo upande wa dereva ikafa, kioo kikabaki chini, na mvua hiyo hiyo. Swichi ikabidi itoke Unguja na boti. Mama yangu, Mungu amrehemu, alikataa kupanda ile gari mpaka mwisho. Akisema inanuka mtungi.

Tangu siku hiyo gari yangu ndani sikoshi wala sikoshewi. Napangusa.

Fundi_Jang'ombe
Pole sana mzee wangu. Lakini hao si mafundi, hao ni wakosha gari. Ndani na nje ni kazi mbili.

Binti_Mchambawima
Na mwenye gari atawatofautisha vipi, kwa sare?

Fundi_Jang'ombe
Muulize atakaushaje. Akikwambia "litakauka lenyewe", chukua ufunguo wako. Na masika siku ya mvua mie sipokei kabisa kazi ya zulia.

Mgeni_wa_Tanga
Samahani wakubwa, niko hapa Amani ya Unguja, huu mwezi wa tatu. Hivi nyinyi "kukosha" ndiyo kuosha? Mtu kaniambia juzi "nimekoshwa" nikampa pole.

Dereva_Paje
😂 Kuosha ni maiti bwana. Gari inakoshwa, vyombo vinakoshwa. Sema "naosha gari" hapa watu watakuuliza imefariki lini.

Mgeni_wa_Tanga
Na "kukoshwa" na wimbo?

Karafuu_Mbichi
Huko ni kufurahishwa, mambo ya taarabu. Turudi kwenye gari, mwenye mada kakimbia.

Bi_Asumini
Nyote mnahangaika. Kaharufu dawa yake udi. Tia chetezo ndani ya gari, funga vioo robo saa, fungua. Mie nafanya kila Alhamisi.

Escudo_Nyeupe
Bi mkubwa kwa heshima zote, usimfundishe mtu hivyo. Cheche moja kwenye sponji ya kiti na gari imekwenda. Na moshi wa makaa ndani ya gari iliyofungwa unaua mtu bila kukohoa. Afukize nguo, avae, ndiyo apande.

Bi_Asumini
Mwanangu, mie nafukiza tangu hujazaliwa. Chetezo natia na kisahani chini, na simo ndani.

Escudo_Nyeupe
Nimekubali kushindwa, ila na udi juu ya uvundo unapata uvundo wa harusini. @Mtu_wa_Fuoni kaharufu ka nini?

Mtu_wa_Fuoni
Haya, nitasema. Wiki tatu zilizopita nilinunua nguru Malindi dikoni, vipande vimo kwenye ndoo na barafu. Pale karibu na Amani daladala ikanikatia mbele, nikafunga breki, ndoo ikalala. Samaki niliokota. Maji yote yalikwenda chini ya kiti cha kati. Nikatia siki. Haikusaidia, jana nikatia na dawa ya kung'arishia nguo nyeupe. Macho yakaniwasha nikatoka. Na Ijumaa mtoto wa dada yangu anaolewa, Noah ndiyo ya kumchukulia bibi harusi.

Dereva_Paje
Yakhe!

Escudo_Nyeupe
"Uchafu wa kawaida wa watoto."

Fundi_Jang'ombe
Kwanza hiyo dawa yako ya nguo ni klorini, na siki na klorini usichanganye tena maishani mwako. Vikikutana vinatoa gesi ya sumu, ndiyo iliyokuwasha macho. Fungua milango yote, usimpakie mtoto leo. Na klorini itakula rangi ya zulia, utaona.

Pili, sasa si suala la brashi wala povu. Maji ya samaki yameshaingia kwenye ile pamba anayoisema mzee wa Wete. Ukikosha juu, kesho jua likipiga inanuka upya. Kiti cha kati kitoke, zulia linyanyuliwe, pamba ikoshwe au ikatwe kipande kitiwe kingine, bati lipanguswe lisije likashika kutu. Ukifanya mwenyewe ni spana tu na subira. Ila ukifika viti vya mbele na ukaona waya una plagi ya njano, hiyo ni ya eabegi, ule mfuko wa hewa wa ajali. Usiuchomoe mpaka betri uwe umeitoa na umengoja, la sivyo taa itawaka kwenye dashibodi na haitozimika bila mashine.

Binti_Mchambawima
Hapa nampa haki fundi. Povu langu halifiki huko.

Dereva_Paje
Usisahau na filta ya AC, kwa gari nyingi za Toyota iko nyuma ya kile kisanduku cha mbele ya abiria. Gari imezungusha hewa ya samaki wiki tatu, utakosha kila kitu halafu ukiwasha AC nguru anarudi.

Shamba_Boy_Mahonda
Samaki afadhali. Mie nilisahau doriani mbili kwenye buti, Jumamosi mpaka Jumatatu.

Bi_Asumini
Doriani haina kosa. Ile ni harufu ya neema.

Mgeni_wa_Tanga
Nililetewa nikadhani gesi inavuja.

Karafuu_Mbichi
Doriani inaondoka yenyewe, ni tunda. Samaki ana mafuta.

Shamba_Boy_Mahonda
Mzee miezi minne haijaondoka! Mke wangu anakaa kiti cha nyuma na kioo kakishusha kama mtalii.

Mtu_wa_Fuoni
Ahsanteni. Kijana wa elfu arubaini na tano nimempigia, kusikia samaki kasema itakuwa laki na gari asiikoshee karibu na nyumba yake. Wale wa Kiembesamaki hawapokei simu. Dada yangu naye kapanda leo kwenda kuchukua kanga, karudi kwa bodaboda, kasema bibi harusi atakwenda na Alphard ya ami yake. Kwa hivyo Ijumaa haipo tena. Jumapili nitang'oa kiti mwenyewe nione.

Escudo_Nyeupe
Piga picha ya chini ya zulia ututilie hapa.

Bi_Asumini
Na huyo nguru kilo alikuuzia shilingi ngapi?