Tupeane uzoefu: kabila moja, nchi mbili, na siasa zake

Wadau, nianze mimi. Kwetu ni Isebania, Kenya. Bibi yangu kazikwa Sirari, Tanzania, mwendo wa dakika chache kwa mguu. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walichora mstari kutoka mdomo wa Mto Umba hadi Ziwa Viktoria, wakaupindisha kuzunguka Kilimanjaro, na sisi Wakurya tukakatwa katikati.

Nilipoomba kitambulisho, mzee mmoja wa kamati ya kuhakiki waombaji aliniambia, "Hebu sema 'samahani'." Nikasema. Akawageukia wenzake: "Huyu ni wa Tarime," yaani wa upande wa Tanzania. Nilirudi mara tatu, mara ya mwisho na baba, kabeba kitambulisho cha babu kwenye mfuko wa nailoni. Uchaguzi ulipofika, lori la mgombea mmoja lilivuka kuwachukua binamu zangu wa Sirari waje kupiga kura. Siku hiyo hakuna aliyeuliza lafudhi. Hilo linaniuma mpaka leo. Na tukishaingia ndani tunagawanyika tena: Kuria Mashariki watu huuliza kwanza mgombea ni wa ukoo gani wa Kikurya, Mwirege au Mnyabasi, barabara baadaye.

Nyinyi wenzangu je?

Mdigo wa Duga: Pole ndugu yangu. Mimi niko Mkinga, Tanzania, mjomba yuko Lungalunga, Kenya. Huku kwetu sijawahi kuulizwa kabila kwenye kampeni. Tulikuta machifu wamefutwa tangu 1963, na shule za msingi za serikali karibu zote zinafundisha kwa Kiswahili. Mjomba yeye kila uchaguzi anahesabu: Wadigo wangapi, Waduruma wangapi, wabara wangapi. Damu moja, hesabu tofauti.

Msomali wa Garissa: Sisi tuliulizwa 1962, wengi wakasema wanataka kuungana na Somalia, Mwingereza akatuacha Kenya. Tukalipa kwa sheria za hali ya hatari hadi 1991. Mama bado anayo ile kadi ya pinki ya msako wa 1989, ya kuthibitisha kuwa Msomali huyu ni Mkenya. Anaiweka pamoja na hati ya shamba. Februari 2025 Rais Ruto alipotangaza kufuta uhakiki wa vitambulisho kwetu, nilimwambia mama sasa aitupe.

Akaikunja kwenye leso, akairudisha sandukuni.