Mahomes, Allen au Lamar? Nataka jezi ya kwotabeki wa mechi za presha

MzeeWaYadi:
Wakuu habari za jioni. Nataka kununua jezi ya NFL, ligi ya futiboli ya Kimarekani, kabla msimu haujaanza Septemba, na mchujo wangu umeniachia majina matatu: Patrick Mahomes wa Kansas City Chiefs, Josh Allen wa Buffalo Bills na Lamar Jackson wa Baltimore Ravens. Jezi ni ya mpwa wangu, ameanza kucheza nafasi ya kwotabeki shuleni, yule anayeongoza mashambulizi na kutupa pasi. Simtaki kwotabeki wa takwimu za Oktoba. Namtaka yule ambaye robo ya nne ikifika, timu iko nyuma na uwanja mzima unamzomea, mkono wake hautetemeki. Nataka kijana avae jina la mtu wa kuigwa. Naombeni ulinganisho wa haki, ushabiki tuuweke pembeni. Niagize ya nani?

Kifaru_KC:
Kaka, Mahomes. Angalia Super Bowl, fainali ya ligi, ya Februari 2020 dhidi ya 49ers. Robo ya nne, Chiefs wako nyuma 20 kwa 10, Mahomes ameshanaswa pasi mbili, yaani zimedakwa na wapinzani, usiku huohuo. Jaribio la tatu kati ya manne ya kusogeza mpira, zimebaki yadi 15. Kwotabeki wengi hapo wanatupa pasi fupi na kwenda kukaa benchi. Yeye alirudi nyuma kabisa, akamtupia Tyreek Hill mpira wa yadi 44, mechi ikageuka, wakashinda 31 kwa 20. Februari 2023 kifundo cha mguu kinamuuma, wanaenda mapumziko wako nyuma 24 kwa 14 mbele ya Eagles, akarudi akashinda 38 kwa 35. Februari 2024 akawamaliza tena 49ers katika muda wa nyongeza. Mechi za mtoano ameshinda 17, amepoteza 4. Hapo unatafuta nini tena?

dada_Lulu:
Kaka MzeeWaYadi, umetaja mkono usiotetemeka lakini hujataja umri wa kijana, mnaishi mji gani, wala bajeti yako. Jezi ya mtoto na ya mtu mzima bei zake ni tofauti, na zile za kushonwa herufi ni ghali zaidi kuliko za kuchapwa. Tena kuna swali la kwanza kuliko yote: kijana mwenyewe anampenda nani?

Bin_Mvita:
Kifaru umechagua mechi ulizozipenda. Mbona umeruka Februari 2021? Tampa Bay 31, Chiefs 9, bila tachidauni hata moja, yaani hawakuufikisha mpira mwisho wa uwanja hata mara moja. Na Februari 2025 walienda mapumziko wakiwa nyuma 24 kwa 0, Mahomes akaangushwa chini mara sita, akanaswa pasi mbili na moja kati ya hizo ikarudishwa moja kwa moja kuwa tachidauni. Kama kipimo ni mechi kubwa, basi na hizo ni mechi kubwa.

Kifaru_KC:
Bin_Mvita, hiyo ya 2021 alicheza bila walinzi wake wawili wa pembeni, Fisher na Schwartz, wote majeruhi. Alikimbizwa usiku kucha. Kuna pasi aliitupa akiwa anaanguka, mwili umelala hewani, na mpira ukamfikia mwenzake usoni. Na 2025 Eagles walimfikia kwa watu wanne wa mbele tu, wengine wote wakabaki nyuma kuzuia pasi. Hapo hata malaika angeangushwa.

Bin_Mvita:
Ndiyo hoja yangu hiyo. Akishinda ni moyo wake, akishindwa ni walinzi wake. Chagua moja.

Kashindi716:
Bandugu, mie niko Buffalo, nitasema ukweli wa hapa. Januari 2022, Kansas City. Allen alifunga tachidauni dakika mbili za mwisho zinaanza kuhesabika, kwenye jaribio la nne, yadi 13 zimebaki. Chiefs wakampita tena. Akafunga nyingine zikiwa zimebaki sekunde 13, 36 kwa 33. Zote mbili kwa Gabriel Davis, ambaye usiku ule alipokea tachidauni nne. Mwambie mtu yeyote: kwotabeki anaweza kufanya nini zaidi? Halafu ulinzi wetu ukaruhusu yadi 44 kwa pasi mbili ndani ya sekunde zile 13, mpiga teke wao Butker akasawazisha kwa teke la yadi 49 la pointi tatu, muda wa nyongeza wakashinda kura ya sarafu, Kelce wao akafunga na mechi ikaishia hapo, 42 kwa 36. Allen hakugusa mpira tena. Alikuwa benchi anatazama. Sasa vitabu vinaandika "alishindwa kwenye mtoano". Ni yeye alishindwa?

Na Januari 2024, hapa kwetu, mpiga teke wetu akakosa yadi 44 upande wa kulia, 27 kwa 24. Watu wazima walilia, kwa sababu wanakumbuka Januari 1991, Super Bowl ya Giants, teke letu la yadi 47 likaenda upande wa kulia vilevile, 20 kwa 19. Jim Kelly, kwotabeki wetu wa wakati ule, alipeleka timu Super Bowl nne mfululizo na hana pete ya ubingwa. Nani atasema Kelly alikuwa mwoga?

MzeeWaYadi:
Asanteni. Dada Lulu, kijana ana miaka 14, ni mrefu kwa umri wake. Bajeti nisingependa ivuke sana dola 100. Tunaishi Rochester, New York. Sijamuuliza kwa sababu nataka iwe zawadi ya kushtukiza.

Kashindi716:
ROCHESTER?! Ndugu yangu, hilo ungelisema mstari wa kwanza! Bills wanafanyia kambi ya Agosti hapohapo kwenu, chuo cha St. John Fisher. Huyo mtoto aende shule na jezi ya Mahomes, mtu aliyetutoa Januari 2021, 2022, 2024 na 2025? Mpende mpwa wako.

dada_Lulu:
Mji ni hoja kweli. Mimi Baltimore nisingemvalisha mwanangu jezi ya Steelers, mahasimu wetu, hata kama ni ya bure. Lakini Kashindi, usimtishe. Wako watoto wanaopenda kuvaa tofauti na darasa zima, na hiyo nayo inataka moyo.

Nimtetee Lamar kidogo, maana mmemsahau. Ana tuzo mbili za mchezaji bora wa ligi, 2019 na 2023. Kwenye mtoano ameshinda 3 na kupoteza 5, sifichi. Ila mechi ya Januari 2025 hukohuko Buffalo, kipindi cha kwanza alipoteza mpira mara mbili, hilo lake. Robo ya nne akaipeleka timu uwanja mzima kwenye baridi ile, tachidauni kwa Isaiah Likely, 27 kwa 25. Pointi mbili za kusawazisha akamtupia Mark Andrews, pasi safi, ikamponyoka mikononi. Andrews, mpokeaji anayemwamini kuliko wote! Mpira ule ungeshikwa, leo Lamar angeitwa mtu wa mechi kubwa. Sasa nielezeni, tabia ya Lamar inabadilikaje kwa sababu ya vidole vya Andrews?

Babu_Tanga_HTX:
Vijana, shikeni kwanza suala la kununua. Nina kisa, na ninakieleza chote ili asije mtu akaumia kama sisi.

Kuna mwaka kwotabeki fulani alishinda mechi ya mtoano kwa pasi ya mwisho, nyumba nzima tukasimama. Mwanangu wa kiume usiku uleule akasema anaitaka jezi yake. Dukani zilikuwa zimeisha asubuhi yake. Nikaona tangazo mtandaoni, muuzaji ana picha nzuri, bei nusu, anadai ni halisi. Nikalipa. Wiki ya kwanza kimya. Nikiuliza naambiwa mzigo uko njiani. Timu ikatolewa mechi iliyofuata, mzigo uko njiani. Super Bowl ikapita, mzigo uko njiani. Ulipofika, rangi haikuwa ya timu ile, jina limeshonwa limepinda na herufi moja imerukwa, na kola inakwaruza shingo. Tuliifua mara moja, namba ya mgongoni ikaanza kubanduka pembeni. Nikamwandikia muuzaji, akataka nimtumie picha. Nikatuma. Akataka nirudishe mzigo kwa gharama yangu nje ya nchi, nauli yenyewe inakaribia bei ya jezi. Nilipokataa akanifungia. Benki nao wakasema muda wa kulalamika umepita, kwa sababu nilisubiri mno. Na Machi ile kwotabeki mwenyewe akahamia timu nyingine.

Mwanangu alikunja ile jezi akaiweka chini ya nguo nyingine, hakuivaa. Kwa hiyo MzeeWaYadi, usinunue kwa joto la mechi moja, wala usinunue kwa muuzaji usiyemjua. Nunua kwenye duka la timu au la ligi, na umchague mwenye mkataba mrefu.

MzeeWaYadi:
Pole sana Babu. Shikamoo. Hao watatu wote walisaini mikataba mirefu, nimeangalia hilo kabla ya kuja hapa.

Mwalimu_Nyeri:
Niwaulize jambo. Mnampima mtu kwa mechi ngapi? Msimu wa kawaida ni mechi 17, mtoano ukipoteza moja umekwenda nyumbani. Kwotabeki Tom Brady pekee ndiye alicheza mtoano mara nyingi hata ukaweza kusema kitu kwa uhakika: mechi 48, ameshinda 35. Wengine wote mnahukumu kwa mechi chache na kubahatika kwa mpira.

Chukueni ndugu wawili, Peyton na Eli Manning. Peyton, mchezaji bora wa ligi mara tano, mtoano ameshinda 14 amepoteza 13. Eli, msimu wa kawaida 117 kwa 117, nusu kwa nusu, lakini ana Super Bowl mbili na zote alimfunga Brady, Februari 2008 na Februari 2012. Nani kati yao ni kwotabeki bora? Na Peyton pete yake ya mwisho, Februari 2016, alipasi yadi 141 tu. Ulinzi wa Denver na Von Miller ndio ulioshinda ile mechi. Miaka miwili baadaye Brady akapasi yadi 505 na akafungwa na Nick Foles, kwotabeki wa akiba.

Kwa wapenzi wa kandanda: Februari 2012 Drogba alikosa penalti ndani ya dakika 90 kwenye fainali ya Afrika, Zambia wakachukua kombe. Mei mwaka uleule, Munich, akasawazisha dakika ya 88 na kupiga penalti ya ubingwa. Mtu yuleyule, miezi mitatu baina yake. Tungemhukumu Februari tungesema nini?

Kifaru_KC:
Mwalimu, ukienda hivyo hakuna atakayesifiwa kamwe. Joe Montana wa 49ers alicheza Super Bowl nne, akashinda zote, pasi 11 za tachidauni na hakunaswa hata moja. Januari 1989, Super Bowl dhidi ya Bengals, yadi 92 za kwenda, dakika tatu na ushee, inasimuliwa kwamba aliwaonyesha wenzake mwigizaji John Candy kule jukwaani kabla hawajaanza safari. Wakafunga zikiwa zimebaki sekunde 34. Utaniambia hiyo ni kubahatika?

Mwalimu_Nyeri:
Namheshimu Montana. Lakini mapema katika robo ya nne ya mechi ile beki wa Bengals, Lewis Billups, alikuwa na pasi ya Montana mikononi mwake karibu kabisa na goli, ikamponyoka. Angeishika, hesabu yako ya "hakunaswa hata moja" isingekuwepo, na pengine pete moja isingekuwepo. Utulivu wake upo, naukubali. Ninachokataa ni kuupima kwa matokeo. Pima maamuzi: alimtazama nani kwanza, alishika mpira muda gani, alitupa nje alipotakiwa kutupa nje?

Bin_Mvita:
Kwa kipimo hicho mimi namwingiza Joe Burrow wa Bengals. Januari 2022 Tennessee walimwangusha mara tisa, akashinda 19 kwa 16. Wiki iliyofuata yuko nyuma 21 kwa 3 kwa Mahomes, Kansas City kwenyewe, akashinda 27 kwa 24. Kijana anayejifunza nafasi ile atazame namna anavyoinuka kila akiangushwa, anapangusa nyasi, anarudi kwenye duara kama hakuna kilichotokea.

Kashindi716:
Burrow ni mzuri lakini hakai Rochester. Na ile kanuni ya muda wa nyongeza walibadilisha 2022 kwa ajili yetu, mtoano kila timu ipate mpira. Na msimu wa 2025 ikaingia hadi mechi za kawaida. Walituchelewesha.

Kifaru_KC:
Na mechi ya kwanza kutumia kanuni hiyo kwenye mtoano nani alishinda? Chiefs, Februari 2024. 49ers walichagua kuanza na mpira, wakapata teke la pointi tatu tu, Mahomes akajua hasa anachotakiwa kufanya.

Mwalimu_Nyeri:
Kuchagua kuanza kulikuwa na mantiki yake. Timu zote mbili zikilingana kwenye zamu ya kwanza, zamu ya tatu ni yako na pointi yoyote inamaliza mechi.

Kashindi716:
Mimi ningeanza kwa kuzuia. Siku zote.

MzeeWaYadi:
Nimewasoma wote. Mama yake kijana naye ameniambia tangu wiki jana kocha amemjaribu nafasi ya mpokeaji, bado haijulikani atabaki wapi. Kwa hiyo sijui sasa. Duka la timu wana ya Allen ya kuchapwa saizi ya vijana, chini ya dola 100. Ila huyu ni mrefu, je, nichukue kubwa ya vijana au ndogo ya watu wazima?

dada_Lulu:
Ndogo ya watu wazima, atakua nayo. Lakini bei itapanda. Na muulize mtoto!

Sele_Kigamboni:
Wakuu mimi niko Dar, nimeanza kuufuatilia mchezo huu mwaka huu. Hizi mechi za Jumapili huku kwetu zinaanza saa ngapi?

Bin_Mvita:
Za kwanza saa mbili usiku kwa Septemba na Oktoba. Wakirudisha saa nyuma Novemba inakuwa saa tatu. Super Bowl ni saa nane na nusu usiku wa kuamkia Jumatatu, kwa hiyo omba ruhusa kazini mapema. Una king'amuzi gani?