Tukikatwa korosho kusomesha vyuoni, ufadhili apewe mwenye pointi 3 au aliyeongoza shule yake?

MKULIMA WA KITANGARI

Habari za kazi ndugu zangu wa Mtwara na Lindi. Naileta hoja hii mapema kwa sababu mkutano wa chama chetu cha msingi cha ushirika wa wakulima utaipigia kura, na makato yakishaingia kwenye malipo ya mkulima huwa hayatoki kirahisi.

Pendekezo lililoletwa ni hili. Kila kilo ya korosho inayouzwa mnadani ikatwe shilingi 20 ziingie mfuko wa elimu. Mfuko umlipie ada yote ya chuo kikuu kijana wa eneo letu, au mtoto wa mzaliwa wa eneo letu, aliyemaliza kidato cha sita na Division One ya pointi 3 hadi 5. Kwa asiyefuatilia mambo ya shule, pointi 3 ni A katika masomo yote matatu ya mchepuo, na A ya kidato cha sita inaanzia alama 80.

Makato siyapingi. Mwenye kilo 600 atatoa 12,000, na sioni mzazi wa huku atakayelalamika akijua inakwenda kusomesha. Ninachokataa ni kipimo.

Nimekaa na mwenyekiti wa kijiji tukahesabu. Kwa miaka tunayoikumbuka tumewahi kuwa na vijana watatu wa pointi hizo. Wawili walisoma shule za binafsi Dar es Salaam, baba zao wako kazini huko na wanakuja huku kwenye misiba na sikukuu. Wa tatu alitoka darasa la saba akachaguliwa shule ya vipaji maalumu, akaondoka hapa akiwa na miaka kumi na minne. Sina neno na hao vijana, walisoma na wakafaulu. Lakini katika shule yetu ya kata hajatoka hata mmoja. Kwa kipimo hiki, mkulima anayemsomesha mwanawe pale kwenye kata atakatwa kila msimu ili amlipie ada mtoto ambaye baba yake tayari ameweza kulipa mamilioni tangu kidato cha kwanza.

Na tusijidanganye kwamba wote wanakimbia uwanja mmoja. Mtihani wa kidato cha nne, ambao ndio mlango wa kwenda kidato cha tano, unafanyika Novemba. Sote tunajua Novemba ni nini huku: ndio msimu wa kuokota korosho. Mwaka juzi binti wa jirani yangu alikuwa anaamka saa kumi alfajiri, anaingia shambani na tochi ya simu kuokota, kwa sababu korosho zikichelewa kuokotwa na mvua ikanyesha daraja la ubora linashuka. Saa moja anarudi, anaoga, anavaa sare, anakwenda kwenye chumba cha mtihani na vidole vimebabuka kwa maji ya mabibo, yale matunda ya mkorosho. Siku ya hisabati alinionyesha ile mikono. Kalamu ilikuwa inamuuma kuishika.

Rai yangu: tumchukue aliyeongoza kila shule ya kata kwenye matokeo ya kidato cha nne, ilimradi amesoma hapo tangu kidato cha kwanza. Akimaliza kidato cha sita na akapata sifa za kudahiliwa chuo kikuu, yaani ufaulu wa masomo mawili unaofikisha pointi 4.0 zinazotakiwa na vyuo (hizi zinahesabiwa tofauti na zile za Division, hapa nyingi ndiyo bora), mfuko umlipie. Kila shule iwe na mtoto wake. Nakaribisha mawazo, hasa ya wanaopinga.

MAMA WA SHANGANI

Kaka yangu wa Kitangari, nimekusoma mpaka mwisho na lile la binti mwenye vidole limenigusa. Lakini napinga.

Mimi ni fundi cherehani hapa mjini. Kijana wangu yuko kidato cha sita. Nimemsomesha kwa kushona sare za watu, na usiku mashine ikinyamaza yeye bado yuko na daftari. Akipata pointi 3 mtaniambia hastahili kwa sababu shule yake ilikuwa na walimu? Kufaulu kwake kusigeuzwe kosa.

Halafu kuna jambo ambalo wanaume wa vyama vya msingi hamlisemi hadharani. Tukiacha alama za juu, kamati ikapewa nafasi ya kuchagua "mwenye uhitaji", watoto wa wajumbe ndio watakaokuwa wa kwanza kuwa na uhitaji. Tumeona orodha za misaada zikibadilika usiku, jina linalala ndani linaamka nje. Mtihani wa Baraza la Mitihani unasahihishwa kwa namba. Msahihishaji hamjui mtoto, hajui kabila lake wala mjomba wake. Mimi nisiye na ndugu kwenye kamati yoyote, cheti cha mwanangu ndicho kinachonisemea.

Na serikali yenyewe imekwenda njia hiyo. Ufadhili wa Samia ulioanza mwaka wa masomo 2022/2023 unawachukua waliofaulu zaidi masomo ya sayansi kidato cha sita. Haukuuliza baba anafanya kazi gani. Kwa nini sisi tuone aibu kumtunza anayefanya vizuri?

MWALIMU, TANDAHIMBA

Dada yangu wa Shangani, hoja yako ya orodha kubadilika usiku ni ya kweli na nitairudia. Kwanza niseme kitu kuhusu alama, kwa sababu ndizo kazi yangu.

Nafundisha kemia shule ya kata. Nilipofika nilikuta bureti mbili, ile mirija ya kioo yenye koki ya kupimia kimiminika, moja koki yake inavuja. Kidato cha nne walikuwa watoto arobaini na sita. Bureti nilikuwa naichora ubaoni kwa chaki, naandika mililita pembeni, nawaambia "hapa mnafungua polepole, tone kwa tone." Wanaandika. Siku ya mtihani wa vitendo tuliazima vifaa shule nyingine. Binti aliyekuwa anaongoza darasa, mwenye akili ambayo sijakutana nayo tena, akafika mezani akashika koki kwa mara ya kwanza maishani mwake. Akaifungua yote. Tindikali ikashuka kama bomba, rangi ikaruka kutoka njano mpaka nyekundu kabla hajasoma chochote. Akajaza upya, mkono unatetemeka, muda unakwenda. Nilikuwa nimesimama mlangoni na sikuruhusiwa kusema neno.

Kemia alipata C. Msahihishaji hakumwonea, kwenye karatasi ile C ni halali yake. Ila ukiniuliza mimi niliyemfundisha, ile C inaeleza zaidi habari za maabara yetu kuliko habari zake yeye. Aliongoza shule kwa Division Two.

Sasa kuhusu kamati. Rai ya ndugu yetu haihitaji kamati kuchagua mtu. Matokeo ya kila shule yanawekwa kwenye tovuti ya Baraza, namba ya mtahiniwa, masomo, pointi. Mzazi yeyote mwenye simu anaona nani ameongoza. Tangu Januari 2023 Baraza limeacha kutangaza shule kumi bora na wanafunzi kumi bora wa taifa, lakini matokeo ya shule moja moja bado yako wazi. Kwa hiyo tunabaki na zile zile alama unazoziamini, dada. Kinachobadilika ni nani analinganishwa na nani: mtoto wa hapa na mwenzake waliyekaa naye dawati moja, mbele ya bureti hiyo hiyo mbovu.

MAMA WA SHANGANI

Mwalimu, hapo umenipunguzia hofu. Bado nauliza: huyo wa kwanza wa shule dhaifu akifika chuo akashindwa, fedha za wakulima zitakuwa zimekwenda wapi?

MWANACHUO WA LIWALE

Shikamooni wakubwa. Naomba nijibu hilo kwa sababu nimelipitia. Nipo mwaka wa tatu, nasoma uhandisi.

Nilitoka shule ya kata, nikapangiwa kidato cha tano mkoa wa mbali, nikamaliza na Division Two. Muhula wa kwanza chuo nilipata sapu mbili, yaani mitihani ya kurudia. Kwa hiyo mama yuko sahihi kwamba pengo lipo. Lakini sikudisko, yaani sikufukuzwa chuo kwa kufeli, na waliodisko darasani kwetu wapo waliokuja na Division One nzuri kuliko yangu.

Kilichokaribia kunirudisha nyumbani hakikuwa masomo. Chuo kinafunguliwa mwishoni mwa Oktoba au Novemba. Minada ya korosho inaanza Oktoba, na kati ya kupeleka ghalani na fedha kuingia kwa mzee panapita wiki. Bodi ya Mikopo ilinipa asilimia fulani ya ada, iliyobaki nilitakiwa niwe nayo mkononi ili nisajiliwe. Bila usajili bumu, ile hela ya kujikimu ya mkopo, halisainiwi. Wiki tano nilibebwa na jamaa yangu hosteli, tunalala wawili kitanda cha futi mbili na nusu. Mzee huku nyuma akauza gunia mbili kwa kangomba, yaani kwa walanguzi nje ya mnada, ili anitumie, kwa bei ambayo mpaka leo hapendi kuitaja.

Maoni yangu ni kwamba mfuko usimlipie mtu mmoja kila kitu. Mwenye vigezo vya mkopo aombe mkopo. Mfuko uzibe lile pengo la usajili, ulipe mapema, Septemba, kabla hatujafungasha. Kwa fedha ya mmoja wa pointi 3 mtasajili watoto kadhaa. Na mkopo jamani si zawadi, mtu akiajiriwa anakatwa asilimia 15 ya mshahara mpaka uishe. Hiyo peke yake ni sababu ya kumpunguzia mzigo anayeanzia chini.

NJOMBA WA KILWA

Njomba zangu, mimi nauliza kwa nini akatwe mkulima tu. Gesi ya Songo Songo inakwenda Dar es Salaam tangu 2004, na bomba la kutoka Mtwara lilizinduliwa 2015. Halmashauri zinapokea ushuru wa huduma kutokana na gesi hiyo. Kabla ya kugombana nani asomeshwe, tuwaulize madiwani kiasi gani cha huo ushuru kinaingia kwenye maabara. Yule binti aliyesimuliwa na mwalimu alihitaji bureti kidato cha pili. Ufadhili wa chuo ungemfikia wakati treni imeshaondoka.

MKULIMA WA KITANGARI

Nawashukuru wote. Najibu kwa mpangilio wangu, mnisamehe nikirefusha.

Njomba wa Kilwa, nakubali kabisa kuhusu maabara na nitalipeleka kwa diwani wetu. Ila hilo liende sambamba. Tukisema tusubiri ushuru wa gesi upangwe upya, kura ya chama chetu itapita na kipimo cha pointi 3 kitabaki kama kilivyo.

Dada wa Shangani, kuhusu anayechangia na anayefaidi, kuna mfano wa Marekani ninaoufikiria sana. Jimbo la Georgia lilianzisha ufadhili wa waliofanya vizuri shuleni mwaka 1993, fedha zinatoka bahati nasibu ya jimbo. Mwanzoni uliwekwa ukomo wa kipato cha familia, dola 66,000 kwa mwaka. Mwaka uliofuata ukapandishwa hadi 100,000, na 1995 ukaondolewa, hata mwenye uwezo mkubwa akaingia. Hela ya wanaocheza bahati nasibu ikawa inaweza kumlipia ada mtoto ambaye angesoma tu hata bila hiyo. Naogopa sisi tutafika hapo siku ya kwanza, kwa sababu pendekezo letu halina ukomo wowote.

Jimbo la Texas nalo lilipitisha sheria mwaka 1997 kwamba mwanafunzi aliye katika asilimia 10 ya juu ya shule yake anapata nafasi vyuo vikuu vya jimbo, awe ametoka shule ya mjini yenye kila kitu au ya porini. Hiyo ilikuwa nafasi, haikuwa fedha, na baadaye chuo chao kikubwa cha Austin kiliruhusiwa kuweka kikomo kwa sababu wenye haki hiyo walikuwa wengi mno. Lakini msingi wake ndio huu ninaoutaka: mtoto apimwe na wenzake wa shule yake.

Hata hivyo nimebadili mambo mawili. Kijana wako na wengine kama yeye nisiwafungie mlango. Nitapendekeza sehemu ndogo ya mfuko, tuseme robo, ibaki kwa wenye alama za juu kabisa popote waliposoma, lakini mzazi wake awe mwanachama anayeuza kwenye chama chetu na anakatwa kama sisi. Wewe uko mjini, dada, chama chetu hakikuhusu, lakini wapo kina mama wa cherehani huku pia. Robo tatu iende kwa walioongoza shule zao.

La pili nalichukua kwa mwanachuo wa Liwale. Sikuwa nimeliwaza lile la Septemba. Makato ya msimu huu yakae benki mpaka Septemba ijayo, yalipwe moja kwa moja chuoni kwa namba ya usajili ya mwanafunzi, yasipite mkononi mwa mtu. Na kijana wangu, mfikishie mzee wako salamu. Kuuza kangomba unajua unaibiwa, ukauza hivyo hivyo kwa ajili ya mtoto, hilo nalielewa.

Suala moja bado linanisumbua na sijapata jibu. Binti wa vidole hakuongoza shule, alikuwa wa tatu. Aliyeongoza ni mtoto wa mwalimu, nyumba yao ina umeme na hawana shamba. Kwa kipimo changu mwenyewe, yeye angekosa.

MWALIMU, TANDAHIMBA

Chukueni watatu wa juu kila shule, na lazima mmoja awe msichana. Fedha ya usajili peke yake inaweza kuwatosha, kama alivyosema kijana wa Liwale. Wangu wa bureti yuko chuo cha uuguzi sasa, ngazi ya stashahada. Hicho si chuo kikuu, kwa hiyo kwa maneno ya pendekezo lenu yeye naye hahesabiki. Liangalieni na hilo.

MKULIMA WA KITANGARI

Nitaliandika, "chuo kinachotambuliwa na serikali", tuondoe neno kikuu. Mkutano ni Jumamosi saa tatu asubuhi pale ghalani. Walio karibu waje na kadi zao za uanachama, bila kadi hupigi kura.