Datsun 240Z: mlango na fenda havikai sawa baada ya kugongwa, fundi anataka kujaza pati. Nikubali?

MwanaChumbageni

Wakuu, habari za jioni. Naombeni ushauri kwa wenye uzoefu wa bodi za magari ya zamani, hasa haya ya milango miwili.

Nina Datsun 240Z ya 1972 niliyoachiwa na marehemu baba. Iko hapa Tanga, Chumbageni, na nia yangu ni iendelee kutembea barabarani. Baba aliipenda tangu enzi za Safari Rally, Edgar Herrmann aliposhinda na 240Z mwaka 1971, na Shekhar Mehta akaja kushinda nayo tena 1973. Kwa hiyo wa kuniambia niiuze naomba tusifike huko.

Niligongwa mbele kulia nikitoka Muheza. Gereji moja hapa mjini wakatoa fenda iliyokunjika, wakafunga ya mtumba, wakafungua mlango wa dereva na kuurudisha, wakaweka na mpira mpya wa mlango. Hali ya sasa: kati ya fenda na mlango, juu kidole kinaingia, chini vyuma vinagusana mpaka rangi imechubuka. Nyuma ya mlango ni kinyume, juu pamebana, chini pako wazi. Ule mkunjo unaopita ubavuni, ukifika mwisho wa mlango, umeshuka kama milimita 6 chini ya mkunjo wa bodi. Fenda nayo imepanda juu ya boneti kwenye kona ya karibu na kioo. Na mlango usipoubamiza haufungi.

Fundi anasema magari ya zamani ndivyo yalivyo, atajaza pati (lile rojo la kusawazishia bodi, linalokauka likawa gumu), atapiga rangi, haitaonekana. Nikubali?

Kijana wa Kange

Usikubali mkuu. Pati ukingoni mwa mlango unaobamizwa kila siku haikai, itapasuka na kubanduka na rangi yake. Halafu pitisha sumaku iliyofungwa kitambaa kwenye hiyo fenda ya mtumba. Pale isiponata ujue tayari kuna pati nene chini yake.

Dereva_Segera

Mimi naona chasisi imepinda. Gari likigongwa mbele halirudi lilivyokuwa. Lipeleke Dar likavutwe kwenye mashine, utapoteza hela kidogo lakini utalala usingizi.

Fundi Bodi Ngamiani

Pole kwa ajali kaka, na mzee apumzike salama. Kabla ya safari ya Dar tuisome kwanza hiyo mianya, maana umeieleza vizuri na yenyewe inataja ugonjwa.

Gari hili halina chasisi ya peke yake, bodi ndiyo inayobeba kila kitu. Vizingiti, yaani vile vyuma virefu vya chini ya milango, vikiliwa na kutu, gari hulegea katikati na nguzo mbili za mlango huinamiana kwa juu. Hapo ungekuta juu pamebana mbele na nyuma pia, na chini pamepanuka mbele na nyuma pia. Kwako sivyo. Kwako mbele juu pamepanuka, nyuma juu pamebana, na mkunjo umeshuka. Huo ni mlango ulioinama kwa nyuma, unaning'inia kwenye bawaba zake. Aliyeurudisha aliufunga ukiwa umelala hivyo hivyo, akaanza kuhangaika na fenda kutafuta nafasi, akainyanyua, ndiyo maana imeipanda boneti. Boneti haina kosa lolote, mtu asiiguse.

Thibitisha mwenyewe kabla ya kumlipa mtu yeyote. Fungua mlango nusu, shika mwisho wake kwa chini, unyanyue taratibu huku mwenzio akitazama bawaba. Pini ikionekana inacheza ndani ya tundu lake, imelika. Isipocheza, basi ni bolti tu zimefungwa vibaya na kazi ni nyepesi.

Kisha pima mshazari wa uwazi wa mlango kwa futi kamba: kona ya juu ya nguzo ya mbele hadi kona ya chini ya nguzo ya nyuma, halafu ule mwingine unaoukata. Fanya hivyo upande wa kushoto pia, ambao haukuguswa. Vipimo vya kulia vikikaribiana sana na vya kushoto, bodi hapo haijapinda. Gari liwe limesimama kwa matairi yake manne, sakafu tambarare, upepo wa matairi sawa. Likiwa juu ya jeki bodi inajipinda na futi itakudanganya.

Dada wa Sahare

Naongezea kuhusu huo mpira mpya. Kwenye Celica yangu ya zamani niliwekewa mpira usio wa asili, mnene kupita ule wa kwanza, mlango ukawa unasukumwa nje na haufungi bila nguvu. Tulihangaika na bawaba bure. Tulipoutoa mpira mlango ukafunga kwa kidole. Uutoe kabla ya kuanza kupanga chochote.

MwanaChumbageni

Ahsanteni sana. Nimepima. Mishazari ya kulia na kushoto inapishana milimita 2 tu. Mlango unacheza: bawaba ya juu pini inasogea kwa macho kabisa, ya chini imekaza. Nimetoa mpira kama dada alivyosema, mlango unafunga bila kubamizwa ingawa bado umelala.

Vizingiti nimevigonga kwa mpini wa bisibisi mwanzo hadi mwisho. Vinalia vizuri, isipokuwa kulia, nyuma kidogo ya gurudumu la mbele, kuna mahali mlio umefifia, upana wa kiganja hivi.

Fundi Bodi Ngamiani

Milimita 2 kwa gari la umri huo isikunyime usingizi. Basi Dar tumeiondoa.

Ugomvi wangu na mafundi wengi uko hapa: wanaanzia pale penye kasoro, wakati unatakiwa kuanzia kwenye kitu kisichosogea. Kwenye gari lako ni ubavu wa nyuma, umechomelewa, hauna bolti. Mlango utaufuata ubavu, fenda itaufuata mlango, halafu fenda ikae sawa na boneti. Ukienda kinyume utazunguka mwezi mzima.

Fenda ishuke kwanza, iwekwe pembeni kwenye gunia. Bawaba ya juu itengenezwe au ibadilishwe, maana hakuna upangaji wowote utakaodumu juu ya pini iliyolika. Kabla ya kulegeza bolti yoyote ya bawaba, chora mstari kuizunguka kwa kalamu, ili ukipotea ujue ulikotoka. Ondoa pia kile chuma cha kwenye nguzo ambacho kitasa hukidaka. Kikiwepo kinauvuta mlango mahali pasipo pake kila unapofunga, na wewe utadhani umeupanga.

Legeza bawaba moja, sogeza kidogo, kaza nusu, funga mlango taratibu, tazama. Tafuta mkunjo ulingane na ubavu wa nyuma kwanza, mwanya baadaye. Kupimia mwanya mimi natumia mashina ya biti za drili, la milimita 4 na la 5, nimeyavisha utepe yasichubue. Yapitishe kutoka juu hadi chini. Usitafute milimita 3 za magari ya leo. Kati ya 4 na 5, zikiwa zilezile njia nzima, jicho linaridhika. Mlango ukikaa ndipo unarudisha kile chuma, unakiweka kwa kuufuata mlango.

Kwenye fenda sasa. Ni ya mtumba, hujui ilikotoka. Kata boksi gumu kufuata ukingo wa fenda ya kushoto, ligeuze, lipachike kwenye hii ya kulia. Litakuonyesha ilipojikunja, uinyooshe ikiwa chini. Ukiipandisha, bolti zote ziingie kwa mkono bila kukazwa, hata ile ya chini karibu na kizingiti. Panapohitaji kusogea nje weka wosha nyuma yake. Kaza kwanza zilizo karibu na mlango, huku biti ya milimita 4 ikiwa mwanyani, umalizie juu kwenye injini.

Rangi isubiri. Endesha gari wiki kadhaa, lipite mashimo yetu ya Tanga, ukague tena, ndipo upake.

Mzee wa Raskazone

Mwanangu, usiisahau ile sehemu yenye mlio uliofifia. Fenda ikishuka utaona kwa nini. Gurudumu hurusha tope kule nyuma, linajikusanya kwenye kona ya chini ya fenda, na kwa upepo huu wa bahari chumvi inashinda na unyevu pale mwaka mzima. Kwangua tope lote, ufikie chuma. Kikitoboka, kikatwe na kichomelewe kipande cha bati jipya kabla mlango haujapangwa, maana ukichomelea baadaye joto linavuta chuma na mianya yako itahama. Kisipotoboka, safisha kutu, paka rangi ya kuzuia kutu, na tundu za kutolea maji chini ya kizingiti zizibuliwe.

Na boneti ya gari hilo hufungukia mbele. Siku mnarudisha fenda, tandikeni kitambaa kwenye kona za nyuma, watu wawili waifungue taratibu, mmoja kila upande. Ikikwaruza simameni hapo hapo.

MwanaChumbageni

Shikamoo mzee, nimekusoma. Fundi Ngamiani, Mungu akuzidishie. Gari nalitoa kule gereji Jumamosi, bila pati. Hiyo pini nitaipata wapi? Spea za 240Z hapa sijawahi kuziona.

Fundi Bodi Ngamiani

Usitafute spea. Peleka kwa mtu wa mashine ya kukereza, Tanga hatuna shida ya hao, mashamba ya mkonge yamewapa kazi miaka yote. Atakereza pini mpya na bushi yake. Nenda na bawaba zote mbili, hata hiyo ya chini iliyokaza, apime ya chini kabla hajaigusa ya juu. Na kabla hujafungua mlango weka meza au matofali yenye gunia chini yake, ni mzito kuliko unavyodhani na utaukunja ukingo.