Pesa ya matangazo ya chanjo iende kwenye gari la spika au mkutano wa mtaa?

Mleta mada:
Wakuu, tulijadili hili kwa uzito wake. Kampeni ya chanjo ya watoto ikikaribia, mambo huwa yaleyale: gari la matangazo linapita, bango linabandikwa ukutani zahanati, kesho yake wachanjaji wanabisha hodi. Mimi nasema mpangilio huo umekaa kichwa chini miguu juu. Wa kwanza kuambiwa wawe mjumbe, imamu, mchungaji na viongozi wa vikoba, tena wiki mbili kabla, na wapewe nafasi ya kuuliza.

Tukumbuke 2022. Februari, Malawi ilitangaza mgonjwa wa polio Lilongwe, kirusi kikiwa na nasaba na kile cha Pakistan. Tanzania, Zambia na Msumbiji nazo zikaingia kwenye kampeni, kwa watoto wote wa chini ya miaka 5. Huku kwetu ikawa nyumba kwa nyumba: matone mawili mdomoni, kidole kinapakwa wino, mlangoni inaandikwa chaki. Akina mama walikuwa na swali: mwanangu kamaliza chanjo zote, kadi hii hapa, haya mengine ya nini? Swali la haki kabisa, wala si ukaidi. Na jibu lipo. Matone ya nyongeza yanaimarisha kinga ya utumbo, ambako kirusi huzaliana, na yakitolewa kwa wote kwa mpigo yanamkuta hata mtoto wa jirani ambaye hakumaliza. Gari la spika halijibu swali. Ukifungua mdomo, limeshakata kona.

Mchangiaji:
Mkuu, huko ni kutafuta mgogoro. Fungua maswali uone: mtu mmoja mwenye maneno anauteka mkutano, watu wanarudi nyumbani na uvumi. Kenya 2014 maaskofu Wakatoliki walipohoji chanjo ya pepopunda, moto ulizimika? Tangazo fupi, la serikali, siku zilezile. Basi.

Mleta mada:
Huo mfano wa Kenya uko upande wangu. Maaskofu walidai chanjo ile ya wanawake imewekwa homoni ya kuzuia uzazi. Serikali, WHO na UNICEF wakakanusha. Lakini katika malalamiko yao ya mwanzo kabisa waliuliza pia kwa nini wadau hawakushirikishwa vya kutosha na wananchi hawakupewa taarifa. Ukimya ndio uliotangulia. Na mwenye uvumi hasubiri mkutano, ana WhatsApp.

Halafu kuna hili dogo linalotuumiza kila siku. Mtoto wa wiki 6 akichomwa penta (sindano moja ya kukinga magonjwa matano), usiku anaweza kupata joto, paja likavimba kidogo. Mama aliyeambiwa mapema atampunguzia nguo, atamnyonyesha, na homa isiposhuka atarudi kituoni. Asiyeambiwa anaona kafichwa, na wiki ya 10, kwenye dozi ya pili, humwoni. Huyo hakupotezwa na mtu mwenye maneno, tulimpoteza sisi kwa kutomweleza.

Nakubali jambo moja: mkutano ukiitishwa saa 4 asubuhi, wa sokoni na wa shambani hawaji, na akina baba ambao ndio husema "hapana" hawaji kabisa. Wahudumu wa afya ya jamii mliomo humu, kwenu mkutano gani unawakusanya wote hao, na nani akisimama anasikilizwa?